Jicho la baba lilikuwa linavuja, na hakuna aliyetazama nyuma

Baba yangu alifundisha shule za msingi wilayani Rungwe kwa miaka 33. Ni mtu aliyesahihisha madaftari usiku kwa taa ya chemli bila kuruka kosa hata moja. Mwaka juzi akaanza kumwomba mjukuu wake amsomee namba za nyimbo kanisani. Tukasema ni uzee. Halafu jioni moja tuko sebuleni Tukuyu, mvua inapiga bati kama kawaida ya kule, akashika daftari la yule mtoto akalisogeza, akalirudisha, akaniuliza: "Mwanangu, hii mistari mbona imepinda?"

Mistari ilikuwa imenyooka.

Baba ana sukari, huu ni mwaka wa 14. Kliniki hakosi. Wanampima sukari, wanampima presha, wanamkagua nyayo, anapewa dawa anarudi nyumbani. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumtia matone ya kupanua mboni akatazama nyuma ya jicho. Tulipopeleka malalamiko ya macho mara ya kwanza, aliambiwa abadili miwani. Akabadili. Baada ya muda akabadili tena. Miezi minane ikaenda hivyo, na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina tabia ya kumsubiri mtu.

Daktari aliyemwona baadaye hapa Mbeya ndiye aliyemtia yale matone. Alitazama kwa muda mrefu, kimya, kisha akasema mtoto wa jicho upo lakini ni mdogo, shida yenyewe iko nyuma. Akatuandikia barua twende Dar es Salaam, mzee akapigwe picha ya rangi.

Hiyo "picha ya rangi" nataka niieleze, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Umewahi kumwona mwenye duka Mwanjelwa akipitisha noti ya elfu kumi chini ya ile taa ya zambarau? Alama ambazo mchana huzioni zinawaka. Kuna vitu vya namna hiyo: vinapokea mwanga wa rangi moja na kuutoa kwa rangi nyingine. Fluoresini ni kimojawapo. Ni dawa ya rangi iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1871 na mkemia Adolf von Baeyer. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu, inang'aa kijani chenye unjano.

Sista alimwekea baba kanula, kimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, mkononi, akamwambia, "Baba, ngozi itakuwa ya njano kwa saa chache, na mkojo utakuwa kama maji ya chungwa mpaka kesho. Unaweza kusikia kichefuchefu kidogo, kitapita. Usishtuke." Baba akaweka kidevu kwenye kamera. Taa ikazimwa. Sista akasukuma ile fluoresini, na mimi nikajikuta nahesabu kimoyomoyo huku natazama skrini nyeusi. Nilipofika kama 12 hivi, weusi ukapasuka. Mishipa ikaanza kuchora matawi kutoka katikati, kwanza ile inayoleta damu, halafu ile inayoirudisha. Sikutegemea kwamba kitu cha ugonjwa kinaweza kuwa kizuri kiasi kile.

Kisha vikaanza kuonekana vidoa vinavyowaka, vingi, kama cheche. Baada ya dakika chache baadhi yake vilikuwa havina tena mpaka. Mwanga ulikuwa unatanda pembeni kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Daktari akaweka kidole: "Hapa panavuja. Na hapa. Na hapa, karibu kabisa na sehemu anayosomea."

Nilikumbuka bomba letu la Uyole. Kiangazi nyasi zote zinakauka, lakini ukiona kipande kimoja kibichi kando ya njia, huhitaji kuuliza bomba limetoboka wapi. Mishipa mizima ya retina haiachii ile rangi itoke. Iliyoharibiwa na sukari inaiachia, na pale inapotoka ndipo maji yanapojaa, retina inavimba na mistari ya daftari inapinda.

Waliotufungulia njia hii walikuwa wanafunzi wawili wa udaktari Indiana, Marekani: Harold Novotny na David Alvis. Mmoja alidungwa, mwenzake akapiga picha. Jarida la macho lilikataa kazi yao, ikachapishwa mwaka 1961 katika jarida la moyo na mzunguko wa damu. Nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Na tiba nyingi za retina zimepita kwenye picha za aina hii. Miaka ya 1980 daktari wa leza alitumia picha ya fluoresini kama ramani ya kujua achome wapi. Ilipokuja bevacizumab, dawa ya saratani ya utumbo ambayo Philip Rosenfeld wa Miami alianza kuidunga ndani ya jicho mwaka 2005, sehemu ya ushahidi ilikuwa kuona uvujaji unapungua. Siku hizi kuna picha nyingine isiyohitaji sindano kabisa: seli za nyuma ya jicho zina takataka yao, lipofusini, inayong'aa yenyewe, na pale seli zilipokufa panabaki giza. Dawa mbili zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa retina inayochakaa kwa uzee zilipimwa kwa kufuatilia lile giza linavyotanuka. Hazirudishi macho, zinapunguza kasi tu. Lakini bila kuliona lile giza, mtafiti angejuaje kwamba dawa inafanya kazi?

Nimeambiwa mara kadhaa kwamba teknolojia ya sindano imepitwa, zipo mashine zinazochora mishipa kwa mwanga peke yake. Zipo, na ni nzuri, na wazee hawadungwi. Ila zinaonyesha damu inayotembea, uvujaji hazionyeshi. Kwa mgonjwa kama baba, uvujaji ndio habari yenyewe. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema turuke hatua hii.

Sisemi kila zahanati iwe na fluoresini. Wapo watu wachache ambao mwili unaikataa vibaya sana, kwa hiyo lazima pawe na dawa za dharura na watu wanaojua kuzitumia. Ninachosema ni kwamba mtu wa Kyela, Makete au Ludewa hapaswi kufika Dar es Salaam ndipo ajue jicho lake linavuja wapi. Tulilipa nauli za watu wawili kwenda na kurudi, tukalala siku nne kwa ndugu Mbagala, na baba alihitaji kurudi kila mwezi kwa sindano za tiba. Wangapi wanaweza? Picha hii iwe jambo la kawaida kanda ya nyanda za juu kusini, na mtaalamu wa kuisoma awepo.

Na kabla ya hapo kuna jambo la bei ndogo kabisa: kila kliniki ya sukari itie wagonjwa wake matone na kuwatazama retina mara moja kwa mwaka, hata kama wanaona vizuri. Hasa kama wanaona vizuri. Baba alipoanza kuona mistari imepinda, uharibifu ulikuwa na umri tayari.

Jicho lake la kulia limepata nafuu, anasoma maandishi makubwa. La kushoto halikurudi.

Shangazi yangu wa Kyela ana sukari mwaka wa tisa. Anasema macho yake hayana shida yoyote. Jumatatu nampeleka kutiwa matone.