Bendi Hazisafiri? Njoo Ubebe Spika

Kuna mzee mmoja tunamheshimu sana pale Ngamiani, hapa Tanga, mnywa kahawa, aliyecheza dansi ujana wake mpaka soli zikaisha. Juzi alitusimamisha na magitaa mabegani, akatusomea hukumu mbele ya baraza zima: "Nyie wanangu si bendi. Bendi inasafiri. Atomic walisafiri, Jamhuri walisafiri. Nyie mnapiga harusi za Makorora, mnarudi kulala kwa mama zenu." Alikuwa anazitaja Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za dansi za Tanga ya zamani. Watu wakacheka. Mimi nikasema "haya, mzee," maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini jibu nilikuwa nalo, na limenikaba tangu siku hiyo, kwa hiyo nalitema hapa.

Kusafiri kunatushinda kwa sababu moja: vyombo. Nauli ya watu tunaichanga. Gitaa utalivaa mgongoni, kinanda utakipakata njia nzima kama mtoto wa shangazi. Ila dramu, ampu ya besi, spika na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, havina mgongo wa kuvivaa, na hakuna konda anayeviona akaacha kutabasamu.

Tuliitwa Bagamoyo, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mwenye shughuli akasema kwenye simu: "Njooni na kila kitu, umeme huku upo." Umeme upo! Tushukuru, maana tulishaanza kufikiria namna ya kung'oa mitambo ya umeme ya Hale.

Basi letu lilikuwa linapitia Chalinze, kwa hiyo tukashushwa Msata, jua la saa saba liko utosini. Konda kajichimbia kwenye buti, miguu tu ndiyo inaonekana, anarusha vitu nje: stendi za dramu, gunia la machungwa ya Muheza ambalo hata si letu, halafu dramu kubwa tuliyoivisha kanga mbili za mama yake mpigaji. Kanga moja imelamba grisi mpaka maandishi hayasomeki. Tukaifunua pale pale kando ya lami: ngozi ya mbele ina tundu la kupita kidole gumba. Mpiga dramu wetu, kijana asiyekosa la kusema, alichuchumaa akaingiza kidole, akakitoa, akaingiza tena. Konda akatupoza: "Hii ngoma ilikuwa ya kulipishwa kiti kabisa, nimewasaidia tu." Alikuwa amelipwa mzigo tangu stendi ya Tanga.

Kisha gari la kutufikisha Bagamoyo. Dereva alianza na bei ya kibinadamu, akaziona spika, akavuta pumzi, bei ikapanda. Ukijumlisha na hela ya wapakiaji na ngozi ya dramu, nusu ya malipo yetu iliishia njiani, kabla hatujachomeka hata waya mmoja.

Sasa tuizungumze hiyo zamani tunayopigwa nayo kichwani kila siku. NUTA Jazz ilizaliwa 1964 ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi. Wapiga gitaa walikuwa waajiriwa, wana mshahara wa mwezi. Ndiyo maana chama kilipobadilika, jina la bendi nalo likabadilika: JUWATA, kisha OTTU, mpaka watu wakatulia na Msondo Ngoma. Mlimani Park ilibeba jina la DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Yaani mtu alikuwa anaamka asubuhi akijua gitaa lipo, spika ipo, na kikikatika kitu kuna ofisi ya kwenda kulalamika. Mtaniambia Jamhuri ya hapa kwetu haikuwa ya chama wala shirika. Sawa, kweli. Lakini ndugu wawili waliotokea hiyo hiyo Jamhuri, Wilson na George Kinyonga, walipitia Arusha, wakavuka mpaka, na jina la bendi yao, Simba Wanyika, wakalijengea Kenya kuanzia 1971. Safari gani hiyo mnayotaka tuige, ya kwenda jumla?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba walifanya mazoezi kuliko sisi.

Na kabla hamjaniletea mwanamuziki Hukwe Zawose, ambaye aliishi hapo hapo Bagamoyo na akaizungusha dunia sanaa ya Wagogo: mkononi alikuwa na ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze. Nampigia saluti. Lakini ilimba haihitaji ampu ya besi.

Ninachotaka ni kitu kidogo mno. Kila ukumbi unaojiita ukumbi uwe na vyombo vyake: spika, mikisa, dramu, ampu mbili. Basi. Bendi ije na magitaa, sinia za dramu na sauti zake. Mwenye hoteli ananunua friji, ananunua meza ya pool, ananunua skrini kubwa ya mpira, halafu muziki anataka uje umebebwa kichwani kama kuni. Na hizo kumbi za halmashauri zinazokodishwa kwa mikutano na kitchen party zina viti vya plastiki mia kadhaa na maikrofoni moja inayokoroma. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kijana akitaja bodaboda anaeleweka. Taja mikisa uone utakavyotazamwa.

Vibali? Tunalipa, tunapanga foleni, tunanung'unika, yanaisha. Promota anayelipa kwa "kujulikana"? Huyo sina la kumwambia, mwenye gesti hapokei kujulikana. Lakini moja haliishi: mwimbaji wetu ni mwanamke, na kila gesti mapokezi wanataka kujua kaja na nani. Sisi wanaume wanatuuliza majina tu. Yeye anaulizwa mume. Siku ile Bagamoyo alijibu, "Nimekuja na ampu," akachukua ufunguo.

Mwezi ujao tuna mwaliko wa Lushoto. Safari hii kabla ya bei, kabla ya tarehe, nilimuuliza mwenye shughuli swali moja tu: una mikisa? Akanyamaza kidogo, akasema ana shemeji yake ana redio kubwa.