Farasi sita hawawatoshi wanafunzi ishirini na wanne

Shule zinazofundisha kupanda farasi, za Karen na hata za Gilgil hapa Kenya, hupenda kujitangaza kwa picha ya aina moja: mtoto mwenye kofia nyeusi akiruka kizuizi cha mistari myekundu na myeupe. Vizuizi ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Seremala wa shule akipewa mbao na debe la rangi anavimaliza kwa wiki moja. Mzazi anayetozwa ada ya ziada kwa ajili ya somo hili, kwa maoni yangu, aanze na swali lingine kabisa: kila farasi anapandwa mara ngapi kwa siku?

Tupige hesabu. Siku moja ina vipindi vinne vya dakika 45, viwili asubuhi na viwili baada ya masomo, kila kimoja na watoto sita. Hapo migongo 24 inahitajika. Farasi anayebeba wanaoanza asipandwe zaidi ya vipindi viwili kwa siku, na apumzike kabisa angalau siku moja kwa wiki. Kwa hiyo ni farasi 12, na ukiongeza wawili wa akiba, maana hakosekani anayechechemea au aliyechubuliwa na mkanda wa tumbo, wanakuwa 14. Shule inayoanza na sita inamtwika kila mmoja vipindi vinne, na kufikia muhula wa pili baadhi yao wana maumivu ya mgongo.

Sababu iko wazi kwa yeyote aliyetazama mtoto akijifunza mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo za farasi. Kila hatua anarushwa juu na kutua kwenye tandiko kwa uzito wake wote, sentimita chache nyuma ya mahali anapostahili kukaa. Misuli ya mgongo wa farasi inakakamaa. Wiki hii analaza masikio akiona tandiko linaletwa, wiki ijayo anageuza kichwa kutaka kuuma mkanda ukikazwa, kisha anaanza kutupa miguu ya nyuma. Ndipo anapoitwa mtundu na kutafutiwa mnunuzi. Kumbe angeweza kugunduliwa mapema: bonyeza kwa ncha za vidole kuanzia nyuma ya mabega hadi kiunoni, pande zote mbili za uti wa mgongo. Akididimia au ngozi ikitetemeka, leo hapandwi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaponza wengi. Uwanja wa mbio wa Ngong hauko mbali, na farasi wanaostaafu mbio, wengine hata hawajafika miaka saba, huuzwa kwa bei ya kutupa au hutolewa bure. Bodi ya shule ikisikia bure, mjadala umekwisha. Lakini farasi huyo alifundishwa kwamba vigwe, yaani kamba za kumwongozea, vikikazwa aegemee lijamu, kile chuma cha mdomoni, na aongeze mwendo, na mtoto aliyeshikwa na woga hufanya nini? Huvuta vigwe. Tena farasi huyo hajui maana ya miguu inayomgusa mbavuni, kwa kuwa joki, mpandaji wa mbio, huinama juu kabisa kwa vikuku (vya kukanyagia) vifupi. Amezoea mpandaji kurushwa mgongoni huku yeye akiendelea kutembea, hivyo hajui kusimama kando ya ngazi ya kupandia. Anaweza kufundishwa upya, tena vizuri sana, ila ni kazi ya miezi mingi chini ya mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Watoto wa darasa la nne si wa kumfanyia majaribio. Kwao ningenunua chotara wa farasi wa Kisomali, asiyezidi sentimita 148 mabegani, mwenye umri kati ya miaka 10 na 18. Hapendezi kwenye tangazo, lakini ameshaona mipira, miavuli na mapikipiki.

Uwanja wa mita 20 kwa 40 unatosha. Pesa ziende chini ya miguu. Udongo mweusi wa pamba hupasuka kiangazi na kugeuka gundi wakati wa mvua, na murami iliyoshindiliwa ni ngumu kwa viungo vya farasi na kwa mtoto anayeanguka. Kinachohitajika ni tabaka la kokoto lililoshindiliwa kama sentimita 15, likiinama kidogo ili maji yatoke, na juu yake mchanga wa sentimita 8. Hizo ni meta za ujazo 64, takriban tani 100, yaani tipa kumi za tani kumi kumi. Mhasibu akiona idadi hiyo hutaka kupunguza nusu. Mchanga ukipungua, kwato zinagonga kokoto. Ukizidi sentimita 10, kano za miguu ya mbele zinavutika kupita kiasi. Usawazishwe kwa reki kila siku, hasa ukingoni, kwa sababu farasi wote hupita njia ileile na kuchimba mfereji.

Kuhusu somo lenyewe, masomo ya mwanzo yasizidi dakika 30, na mtoto awe peke yake na mwalimu, farasi akizunguka kwa kamba ndefu katika duara la mita 20. Vigwe vifungwe shingoni. Mtoto ashike ukanda wa shingo, na hapa hata ukanda mkuukuu wa kikuku unafaa kabisa. Lijamu hukaa juu ya ufizi usio na meno, na anayejishikilia kwa vigwe anaumiza mahali hapo kila anapoyumba. Mpaka aweze kuinuka na kuketi kwa kufuata matiti bila kushika kitu, hana sababu ya kupewa vigwe, hata mzazi akilalamika kwamba mwenzake ameshaanza kuruka.

Mkanda wa tumbo ukazwe mara tatu: wakati wa kutandika, kabla ya kupanda, na tena baada ya dakika tano za kutembea, kwa kuwa farasi wengi hujaza pumzi mwanzoni. Tandiko lililozunguka hadi tumboni mara nyingi linatokana na kusahau ile mara ya tatu. Kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa sentimita mbili na nusu hivi, na kiatu kiwe na kisigino. Raba za michezo hupenya hadi kifundoni, na mtoto akianguka anaburutwa. Farasi afungwe kwa fundo la kufunguka upesi, kwenye kitanzi cha uzi wa kufungia nyasi, wala si kwenye nguzo yenyewe. Akishtuka na kujivuta, uzi ukatike, shingo ibaki salama.

Vipindi vya jioni viishe kufikia saa kumi na moja na nusu. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika huenezwa na usubi, ambao huuma zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, na pundamilia huubeba ugonjwa huo bila dalili. Chanjo ni ya lazima, lakini haitoshi: jua likikaribia kuzama, farasi wawe bandani, madirisha yakiwa na wavu wenye matundu madogo sana.

Chakula nacho kina hesabu yake. Farasi wa kilo 450 hula nyasi kavu kilo 9 hivi kwa siku, takriban marobota 220 ya nyasi za boma rhodes kwa mwaka ikiwa kila robota lina kilo 15. Kwa farasi 14 ni marobota zaidi ya 3,000, na asiyekuwa na ghala kavu atanunua kiangazi bei ikiwa juu, au atalisha yenye ukungu na kusikia vikohozi banda zima. Kuna hatari nyingine ambayo shule hujiletea zenyewe: mkata nyasi, kwa wema kabisa, humwaga bandani majani mabichi yaliyotoka kwenye mashine. Majani hayo huchacha haraka, na farasi huyameza bila kutafuna vya kutosha. Usiku ule daktari wa mifugo anaitwa kwa msokoto wa tumbo. Maua ya oleanda yanayopandwa kando ya njia za shule yang'olewe. Majani machache tu humuua farasi.

Haya yote hutegemea saisi, yaani mtunza farasi. Saisi mmoja kwa farasi wanne, alipwe kama fundi, si kama kibarua, na awe na mamlaka ya kusema fulani leo hatoki, bila mwalimu kumpinga mbele ya wanafunzi. Kwenye ukuta wa chumba cha matandiko pawe na ubao wa kila siku: jina la farasi, vipindi alivyofanya, tarehe ya kukatwa kwato (kila wiki sita hadi nane), na maoni ya saisi. Mzazi akifika saa moja asubuhi, wakati wa kulisha, ataweza kuusoma ubao huo kabla ya kuonyeshwa vizuizi. Aangalie pia rafu ya kofia. Kila kofia iwe na lebo ya usalama ya wapanda farasi, si ya baiskeli, na aulize zilizoanguka na mtoto zimepelekwa wapi. Jibu sahihi ni kwamba zilitupwa.