Njia za Matembezi Msituni Pugu: Zifunguliwe kwa Wengi au Zibanwe?

Matembezi ya misituni na milimani yamekwisha kuwa desturi ya vikundi vingi vya Dar es Salaam, vikiwemo vya mazoezi, vya makanisani na vya maofisini. Kwa mtu asiye na nauli wala siku za kwenda Udzungwa au Usambara, Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iliyoko wilayani Kisarawe, ndiyo jawabu la karibu, maana kutoka Gongo la Mboto hufikika kwa daladala. Ukaribu huo huo ndio unaozaa swali: je, njia zinazozunguka ndani ya msitu na kumrudisha mtembezi alipoanzia zifunguliwe kwa watu wengi zaidi, au waingiaji wabanwe kabla msitu haujachakaa?

Msitu wenyewe ni mdogo. Pugu na Kazimzumbwi kwa pamoja ni zaidi kidogo ya hekta 7,000, na sehemu kubwa ya eneo hilo leo si miti mirefu yenye kivuli, bali ni vichaka vinene vya pwani vilivyochipua baada ya miti mikubwa kukatwa. Mgeni huviita pori, na jicho hilo ndilo lililoviponza vichaka vya namna hii pande zote za Dar es Salaam, kwa sababu kinachoitwa pori huhesabiwa kuwa hakina mwenyewe wala thamani mpaka kipimwe viwanja. Kumbe humo mna mimea kama Baphia puguensis na Millettia puguensis, ambayo hata majina yake ya kisayansi yametokana na Pugu. Mna pia komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, anayeishi Tanzania pekee katika misitu michache ya pwani, na ambaye aliwahi kuwekwa katika orodha ya wanyama 25 wa jamii ya kima na nyani walio hatarini zaidi duniani. Kiumbe wa aina hiyo akipotea hapa, hatuna misitu mingi mingine ya kumwazima.

Wanaotaka njia zifunguliwe wana hoja nzito, nami naona hawajasikilizwa vya kutosha. Kilichoumaliza msitu huu kwa miongo mingi ni mkaa, kuni, magogo na uvamizi wa mashamba, yote yakivutwa na mahitaji ya jiji ambalo Sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5. Watembezi hawamo katika orodha hiyo. Aliyewahi kuona tanuri la zamani la mkaa analijua: duara la udongo mweusi katikati ya kijani, visiki vilivyochipua matawi membamba pembeni, na majani mapya yasiyokubali kuota pale katikati hata mvua zikinyesha. Kazi ya tanuri hutaka faragha ya siku kadhaa. Njia inayopitwa na watu mara kwa mara, wakiongozana na askari wa uhifadhi, huiondoa faragha hiyo bila kumgombanisha mtu na mtu. Isitoshe, mkazi wa Ukonga au Kinyerezi ambaye hajawahi kukanyaga msitu huu hana sababu ya kupaza sauti siku unapomegwa.

Hata hivyo, upande wa pili hauzungumzi kwa woga tu. Mfano wake mzuri ni sange, yule mnyama mwenye pua ndefu anayepekua majani makavu mchana akitafuta wadudu. Hulala katika kiota alichokitengeneza ardhini, shimo la kina kifupi lililofunikwa kwa majani, ambalo kwa macho ya mpita njia halina tofauti na rundo lolote la majani yaliyoanguka. Kikundi cha watu wengi kikikwepa tope na kutanua njia hatua mbili kila upande, kinaweza kukanyaga kiota bila mtu hata mmoja kujua. Popo wanaolala katika mashimo ya zamani ya kaolini, yaani yaliyochimbwa udongo mweupe, nao wako hatarini, kwa kuwa kelele na tochi za mchana huwaamsha wakati wa kupumzika. Kuhusu muziki wa spika za kubebeka sina la kupima: usiruhusiwe.

Kuna pia suala la maji, ambalo katika mjadala huu hutajwa kwa nadra ingawa linatuhusu sote tunaoishi bondeni. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi vya Pugu, ukapita katikati ya jiji hadi baharini, na kila masika tunaona eneo la Jangwani linavyofurika. Mafuriko hayo yana sababu nyingi, na ingekuwa uonevu kumtwisha mtembezi mzigo wake. Lakini njia iliyochongwa kuteremka mlima moja kwa moja hugeuka mfereji baada ya mvua chache, ikashusha mchanga bondeni, ilhali njia inayoambaa na mteremko haina madhara hayo kwa kiasi hicho.

Kwa kupima yote hayo, naegemea upande wa kufungua, ila si kufungua kila mahali. Njia ya mzunguko ipitishwe katika vichaka vinavyochipua upya, ambavyo vinahitaji ulinzi wa macho ya watu kuliko kitu kingine, na mabonde machache yaliyobaki na msitu wa asili yaachwe bila njia. Vikundi viwe vidogo, kila kimoja na mwongozaji wake, na ningependa waongozaji hao watoke katika vijiji na mitaa inayopakana na hifadhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaipa hifadhi ya mazingira asilia ulinzi mkali, na wanaouhisi ukali huo kila siku ni majirani waliozuiwa kuni na mashamba. Mtu aliyeambiwa aache mkaa, kisha akaona wageni wa jijini wakilipa kiingilio kisichomgusa hata senti, atauona msitu huo kuwa mali ya wengine, na usiku atarudi na panga. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, unaoisimamia hifadhi, ungeweza kubandika langoni, kwa Kiswahili, kiasi kilichokusanywa kila mwezi na fungu lililokwenda vijijini. Miezi ya Machi hadi Mei, mvua zikiwa zimelainisha ardhi, sehemu zenye miteremko zifungwe, hata kama ndio msimu ambao msitu unapendeza zaidi.