Kitasa

Jumanne iliyopita kitasa cha chumba cha kina mama cha kukamulia maziwa hapa kazini kiliharibika. Ulimi ulikuwa hauingii, ukifunga mlango unarudi wenyewe taratibu mpaka unabaki wazi upana wa kiganja. Saa nne asubuhi nikamwendea msimamizi wa zamu, mwanaume mtu mzima, nikamwambia huku naangalia viatu vyangu, maana nilikolelewa mimi habari za maziwa ya kifua hazisemwi mbele ya wanaume. Hakuuliza swali. Akapiga simu. Nilipokwenda mapumziko ya saa saba nikamkuta mzee mmoja fundi anakusanya bisibisi zake, kitasa kipya kiko mlangoni, kile cha kuzungusha ambacho ukiwa ndani, nje panatokea rangi nyekundu. Akanionyesha mara mbili kinavyofungwa, akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka. Nikaingia, nikazungusha, nikakaa. Pampu nilishaiweka kifuani, maziwa hayajaanza kushuka, machozi yakatangulia.

Wapo watakaosema huyu dada analilia kitasa. Ndiyo, nalilia kitasa. Nisikilizeni kwanza.

Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa nne sasa, ghala la vifurushi. Mwanangu wa pili ana miezi saba na bado ananyonya. Sikuja hapa kuisifia Marekani, na nitaanza na aibu yao kabla ya yetu. Nchi hii haina sheria ya taifa zima inayompa mama likizo ya uzazi yenye malipo. Hata siku moja. Waliyonayo inakupa wiki 12 za kukaa nyumbani bila mshahara, tena uwe umefanya kazi mwaka mzima kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiopungua 50. Kodi ya nyumba haingoji wiki 12. Nilirudi ghalani mtoto ana wiki saba, bado natembea nimejishika kiuno. Nilipomweleza mama yangu kwa simu alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika, halafu akasema, "Mwanangu, huko mnaishije?"

Na sisi Tanzania? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa amruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, hadi masaa 2 kwa siku. Nilimweleza Mmarekani mmoja ninayefunga naye maboksi, akadhani namdanganya. Siku ile nilitembea kifua mbele ghalani humu. Sheria yetu ni nzuri kuliko yao, nitaisema popote.

Lakini ile nzuri haikunisaidia, na hii mbovu imenisaidia. Hapo ndipo ninapokwama kila nikizungusha kile kitasa.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Mwanza. Nilikuwa kiwanda cha samaki, kimojawapo cha vile vya kando ya ziwa, kwenye meza ya minofu ya sangara. Siku 84 zilipoisha nilirudi, mtoto hajafikisha miezi mitatu, na kliniki walikuwa wameniambia maziwa ya mama matupu, bila hata maji, mpaka miezi sita. Tulikaa Buhongwa, kiwanda kiko upande wa Ilemela. Yale masaa mawili nilipewa, sitasema nilinyimwa. Ila anayeijua daladala ya kutoka kule, upite Nyegezi, upite Mkuyuni, ufike mjini, halafu uunge nyingine, anajua masaa mawili yanaishia wapi. Ningefika nyumbani muda wa kugeuza. Nikaomba niyatumie kwa kutoka mapema, wakakubali. Kwa hiyo tangu naondoka alfajiri mpaka saa tisa mchana matiti yanajaa, yanauma, yanakuwa magumu kama mawe ya Mwanza.

Ilipofika saa tano nilikuwa siwezi tena, naomba ruhusa naenda chooni. Choo cha wanawake kilikuwa na milango mitatu. Miwili yenye komeo ina foleni. Wa tatu komeo lilishang'oka, tundu limezibwa kwa karatasi. Naingia huo wa tatu, nageuka, naukandamiza kwa buti langu jeupe la kiwandani, mguu mmoja nje ya mwendo wa maji, mwingine mlangoni, nafungua aproni. Vidole vilivyoshika barafu tangu asubuhi, ukivipeleka kwenye titi lililovimba, mwili mzima unaruka. Naminya, maziwa yanateremka na maji ya klorini. Chakula cha mwanangu nakimwaga chooni. Kiwanda kizima kile ni barafu, matoroli kwa matoroli, na hapakuwa na mahali pa kuweka kikombe kimoja cha maziwa ya mtoto.

Siku moja mtu akausukuma mlango kwa nguvu, buti likateleza. Kesho yake nikasikia mezani wananiita ng'ombe wa kisasa. Walicheka kidogo tu, wakasahau. Mimi sikusahau, na titi halikusahau. Tangu siku ile nikiingia mle naweza kuminya dakika kumi nzima nisipate tone, na nikitoka nje nikisikia tu mtoto wa mtu analia kituoni, gauni limelowa.

Mwezi wa tano yalikatika.

Mama mkwe alihangaika, Mungu amlipe. Alinipikia uji wa mtama wenye karanga asubuhi na jioni, supu ya sato, mbegu za maboga za kukaanga, kila alichokijua. Majirani wakasema maziwa yamechacha kifuani kwa kukaa kutwa bila kunyonywa, nimwage ya mwanzo kabla ya kumpa mtoto. Wengine wakasema nimetupiwa jicho. Mtoto akaingia kwenye maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, na maziwa ya kopo wiki ile mshahara unapotoka. Nilibeba lile kosa miaka. Niliamini mwili wangu ni mbovu.

Nesi wa hapa ndiye aliyenivua huo mzigo, kwa maneno machache tu, akinifundisha kutumia pampu. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Titi linatengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Likikaa limejaa, linapokea ujumbe wa kupunguza. Siku moja si neno, wiki kwa wiki ndipo ukame unapoingia. Ndiyo sababu nakamua kila baada ya masaa 3, hata ile siku ya kupata robo kikombe. Usiku homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, iko juu zaidi, kwa hiyo usiku namwacha anyonye anavyotaka, na usingizi nitaudai siku nyingine. Mwezi wa nne yalipopungua sikukimbilia kopo. Wikiendi nzima nilikaa naye kifuani, sikufua, sikupika cha maana, na wiki iliyofuata yakarudi. Halafu iko oksitosini, hii ndiyo inayoyasukuma yatoke, na hii ina woga kama digidigi. Hofu, aibu, maumivu, baridi, vyote vinaikimbiza. Mama anaweza kuwa amejaa mpaka anavuja, akifika penye mlango usiofungika asipate kitu. Supu ya sato ni nzuri, mama mnyonyeshaji lazima ale ashibe na anywe maji. Ila hakuna supu inayofunga mlango.

Sheria ya hawa watu, iliyoanza mwaka 2010 ikaongezewa nguvu Desemba 2022, inamtaka mwajiri ampe mama muda wa kukamua kwa mwaka mmoja tangu kujifungua, na mahali pasipoonekana, pasipoingiliwa na mtu, na ambapo si chooni. Wameliandika kabisa hilo, kwamba si chooni. Niliposoma mara ya kwanza nilijiuliza nani aliwasimulia habari zangu. Yetu inasema kumnyonyesha mtoto, kana kwamba mtoto yuko pale getini ananisubiri. Mahali haipataji.

Najua jibu linalokuja, maana nimeshaambiwa na ndugu zangu wa damu: bibi zetu walinyonyesha bila chumba wala pampu, na mlikua. Kweli kabisa. Bibi yangu mzaa mama aliuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mtoto mgongoni; akilia anamzungushia mbele, khanga juu, mkono mmoja unampakata na mwingine unaendelea kupima kisado, wala mteja hasubiri. Nenda leo asubuhi utawaona wanaofanya vilevile, na hakuna anayewashangaa. Nawaheshimu wale mama kuliko ofisi yoyote ya Columbus. Lakini angalieni vizuri: kwa bibi, mtoto na kazi vilikuwa kwenye mkeka mmoja. Mimi nilikuwa na geti, mlinzi na kadi ya kugonga, na mtoto hapiti. Tumeipokea kazi ya geti, tena tunaipigania na vyeti mkononi, halafu mama akirudi na kifua kimejaa tunamwambia afanye kama bibi. Afanyeje kama bibi wakati mtoto yuko Buhongwa?

Mwingine atasema, dada, umepanda ndege juzi tu, leo unatutambia. Nitambe kwa lipi? Mama yangu hajawahi kumbeba mjukuu huyu. Namwacha kwa mama mmoja wa Kisomali, mwema sana, ila karibu nusu ya mshahara inabaki mikononi mwake. Kule Buhongwa mama mkwe alimwogesha yule wa kwanza, akamkanda, akambeba usiku ili mimi nilale saa moja zaidi, na siku niliyotaka kumpa hela ya sabuni aliniuliza kama nina akili timamu. Hicho nilichokuwa nacho, hakuna mwajiri wa Marekani anayeweza kumpa mtu. Nimekililia kuliko nilivyolilia kitasa. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nimesahau nilikotoka. Ninachouma meno ni kwamba tulishapata yale magumu: tuna likizo yenye malipo, tuna masaa mawili kwa sheria, tuna bibi nyumbani. Tumekosa kitu cha kununua duka la vifaa vya ujenzi!

Na yule wa "nchi ina shida kubwa kuliko hizo": naziona shida zote, nimezaliwa ndani yake. Sidai jumba. Nadai kiti, mahali pa kunawa mikono na mlango unaofungika kwa ndani. Benki ina stoo ya mafaili. Kiwanda kina chumba cha wageni kinachofunguliwa akija mkaguzi. Kila mwaka tarehe 1 hadi 7 Agosti, Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, tunavaa fulana, tunapiga picha, mgeni rasmi anawasihi kina mama wanyonyeshe. Kina mama wanataka kunyonyesha, jamani. Wanawasihi watu wasio sahihi. Mwenye funguo za stoo ndiye wa kusihiwa.

Mdogo wangu ni mwalimu huko Nyegezi, na likizo yake inaisha. Nimempigia karibu kila siku. Nimemwambia aanze mapema, akamue kidogo kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, kwa mkono tu, mikono imenawishwa na kupashwa joto, asisubiri pampu. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa masaa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji. Mama yetu atampa mtoto kwa kikombe. Hayo yote aliyapokea vizuri. Nilipomuuliza shuleni atakamulia wapi, akasema choo cha walimu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekutajia kituo cha kushukia. Nilipaza sauti mpaka mwanangu akaamka.

Ilimchukua siku tatu kumwendea mwalimu mkuu, ambaye ni mwanaume na mzee wa kanisa. Anasema alimweleza huku anaangalia viatu vyake. Mzee akatafakari, akamwambia mke wake naye yaliwahi kukatika hivyohivyo, akachukua funguo, akampeleka stoo ya madaftari iliyo pembeni ya ofisi. Kuna kiti, kuna dirisha dogo lililobandikwa magazeti, na mlango unashikwa na msumari uliokunjwa.

Nimetuma hela ya kitasa na ya fundi. Jana amenitumia picha: mlango wa mbao, tundu jipya limechongwa upande, vumbi la mbao bado liko sakafuni kati ya marundo ya madaftari. Anarudi kazini Jumatatu.