Wale Kumi na Wawili

“Mama alikunywa akiwa na mimba yangu, na mimi huyu hapa, nimesoma na nina kazi.” Likizuka suala la pombe na ujauzito, hakosekani wa kusema hivyo, na mara nyingi hasemi uongo. Hapo ndipo ugumu ulipo.

Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walijumlisha tafiti za nchi nyingi na kukadiria kwamba kati ya wanawake 13 wanaokunywa wakiwa wajawazito, mmoja huzaa mtoto mwenye madhara ya kudumu ya pombe. Mmoja kati ya 13: ukiisoma haraka, unaona afueni. Lakini watoto wa wale wengine 12 ndio wanaozungumza. Ndio wanaosimulia kwamba hawakudhurika, na kila mmoja anageuka ushahidi mbele ya binti yake. Yule wa 13 pengine yuko darasa la pili. Jana alijua kutoa na kujumlisha, leo vimefutika, na mwalimu anamwita mvivu. Wengi wa aina yake hawana zile alama za usoni, mdomo wa juu mwembamba na kifereji kilichosawazika chini ya pua, kwa hiyo hakuna anayekumbuka kuuliza habari za mimba.

Na huwezi kujua mapema nani atakuwa wa 13. Kiasi kinachonywewa ni muhimu, hasa kunywa kingi kwa mkupuo, lakini lishe, umri wa mama na maumbile ya kurithi navyo vimo. Wamewahi kuzaliwa mapacha wasiofanana, tumbo moja, pombe ileile, mmoja akaathirika kuliko mwenziwe. Pombe hupenya kondo la nyuma, na ini la kijusi bado halijakomaa kuweza kuivunja. Uso huumbika katika majuma ya mwanzo, ila ubongo hujengwa miezi yote tisa, kwa hiyo hakuna miezi ya kusema sasa ni salama.

Wanaopinga amri ya “usinywe hata tone ukiwa mjamzito” wana hoja, tena si ya walevi. Uwiano wa mmoja kati ya 13 umewachanganya mnywaji wa glasi moja na wa chupa nzima. Utafiti wa Denmark uliotolewa 2012 uliwapima watoto wa miaka 5 ambao mama zao walikunywa kidogo au kiasi, na haukuona tofauti kubwa ya akili na wa wasiokunywa. (Miaka 5 ni mapema, matatizo ya kupanga mambo na kujizuia huonekana baadaye. Hata hivyo matokeo ni matokeo.) Hofu nayo ina gharama yake: mwanamke aliyekunywa harusini kabla hajajua ana mimba hukesha akijilaumu bure.

Ila hapo wanapigana na jambo ambalo halijasemwa. Uingereza ilipobadili mwongozo wake mwaka 2016, kutoka kuruhusu kiasi kidogo hadi kushauri kutokunywa kabisa, wataalamu wake walieleza wazi kwamba aliyekunywa kidogo kabla ya kujua ana mimba, hatari kwa mtoto wake huenda ni ndogo. Kwao sifuri haimaanishi kwamba kila funda linalemaza. Inamaanisha kwamba hakuna aliyeupata mpaka ambao chini yake mtu anaweza kuahidiwa usalama.

Kinachoniudhi zaidi ni namna ushauri huu unavyotolewa. Mhudumu wa kliniki hajainua hata macho kwenye daftari: “Pombe hunywi, sivyo?” Mwanamke anajibu hapana, angejibu nini kingine? Aliyezoea kunywa kila siku anaondoka na jibu hilo, bila kuambiwa kwamba akiacha hata mwezi wa sita bado anamsaidia mtoto, wala kwamba kuacha ghafla bila daktari kunaweza kumletea degedege.