Bodoni: ya vichwa vya habari tu?

Kanuni wanayopeana wabunifu kuhusu fonti ya Bodoni ni hii: iweke kwenye jalada, kichwa cha habari au kadi ya harusi, ila usiipangie maandishi marefu. Lakini Giambattista Bodoni, aliyeanza kuongoza kiwanda cha uchapaji cha Mtawala wa Parma, Italia, mwaka 1768, alikuwa mchapaji wa vitabu. Basi kosa liko wapi?

Tuanze na umbo. Nguzo za herufi ni nene na zimesimama wima. Mistari inayoziunganisha ni myembamba kama uzi, na serifu, yaani vijimstari vya mwishoni mwa nguzo, ni bapa, hazina mkunjo zinapogusa nguzo. Chukua fonti ambayo mstari huo ni sehemu 20 kati ya 1,000 za ukubwa wa herufi. Kwa pointi 72, yaani inchi moja, unapata unene wa nusu milimita, na unapendeza. Kwa pointi 10 unabaki na milimita 0.07, ambayo kwa printa ya dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) haifiki hata nukta mbili. Ukiweka maandishi meupe juu ya rangi nyeusi iliyochanganywa kwa wino nne, sahani ya uchapaji ya wino mmoja ikisogea kidogo tu, nyuzi zinazibwa na herufi zinakatikakatika.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Bodoni alichonga kila ukubwa peke yake, na zile ndogo alizipa mistari minene zaidi. Sisi tunachukua mchoro mmoja wa bango na kuupunguza kwa kompyuta, halafu tunamlaumu yeye. Fonti ya kompyuta ITC Bodoni, ya mwaka 1994, ilirudisha utaratibu wake kwa michoro mitatu, ya pointi 6, 12 na 72. Bodoni Moda, inayopatikana bure, hubadilisha mchoro kulingana na ukubwa, kuanzia pointi 6 hadi 96.

Hapo nawaunga mkono, ila nusu tu. Mchoro wa pointi 6 unaokoa nyuzi. Nguzo zinabaki vilevile. Na Kiswahili kimejaa m, n, u na i. Andika “mnunuzi”: utahesabu nguzo 12 katika neno la herufi saba, zote wima, karibu zote sawa. Jicho linaona uzio kabla ya kuona neno. Aya mbili zinavumilika. Kurasa thelathini zinachosha.

Kwa hiyo, kwa utangulizi wa jarida au shairi, itumie: mchoro wa pointi 11 au 12, pointi 16 kutoka mstari hadi mstari, karatasi laini, wino mweusi mtupu. Usibane maandishi, Bodoni mwenyewe aliacha nafasi pana kati ya mistari na pembezoni. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na kuutawanya, kwa hiyo huko ibaki kwenye vichwa vya pointi 24 kwenda juu. Kitabu cha kiada kipangie fonti nyingine.