Je, askari wa Roma walilipwa chumvi?

Karibu kila anayeeleza asili ya neno la Kiingereza salary (mshahara) hukuletea hadithi ileile: zamani askari wa Roma walilipwa kwa chumvi. Hadithi tamu, ila ni nusu yake tu yenye ushahidi.

Nusu hiyo haina ubishi. Waingereza walilipata neno hilo karne ya 14 kupitia Kifaransa, ambacho nacho kililitoa kwenye Kilatini, salarium, na ndani yake mna sal, yaani chumvi. Ugomvi ni chumvi iliingiaje kwenye malipo.

Shahidi anayeitwa kila mara ni Plinius Mkubwa, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79. Katika kitabu cha 31 cha Naturalis Historia, ensaiklopidia yake ya mambo ya asili, anasema chumvi ina nafasi yake kwenye vyeo na utumishi wa jeshi, na kwamba salarium imepata jina humo. Basi. Hasemi kuwa askari alipimiwa chumvi, wala kuwa alipewa fedha ya kuinunulia. Malipo ya askari yaliitwa stipendium, na yalihesabiwa kwa sarafu. Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasimulia uasi wa majeshi mwaka 14 kule Pannonia, jimbo la Roma: askari wanalalamika kwamba roho na mwili wao vinathaminiwa kwa as 10 (sarafu ndogo za Kirumi) kwa siku, na humohumo watoe za nguo, silaha na mahema. Chumvi haimo. Tacitus huyohuyo anapotaja salarium, anazungumzia malipo ya gavana.

Lakini wanaoitupa hadithi yote nao wamepitiliza. Warumi walizoea kuyapa malipo jina la kitu: calcearium ilikuwa fedha ya viatu, vestiarium ya nguo. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anaeleza jinsi wanamaji waliokuwa wakienda Roma kwa miguu kutoka bandari za Ostia na Puteoli walivyomwomba kaisari Vespasianus fedha ya viatu. Akaamuru tangu siku hiyo wakimbie pekupeku! Kwa mtindo huo, salarium kuwa fedha ya chumvi kunaingia akilini kabisa. Hata posho yetu imepita njia hiyo: mpagazi wa msafara alipimiwa nafaka, leo mbunge anasaini na kupokea pesa (ingawa ukiagiza posho Uganda utaletewa ugali).

Kwangu mimi, fedha ya chumvi inawezekana. Chumvi yenyewe kugawiwa askari kama ujira, hapana, hadi atokee mtu na maandishi ya Kirumi yanayosema hivyo waziwazi. Plinius hatoshi.